Kuchagua bodi mama ya kompyuta unayojiundia: mwongozo kamili, kuanzia prosesa hadi kuwasha mara ya kwanza

Kijana mmoja aliniletea kompyuta aliyojiundia kwa ajili ya kuhariri video za harusi. Alikuwa ameikusanya kidogo kidogo kwa miezi kadhaa: bodi mama, lile bamba kubwa linalobeba vifaa vyote, kanunua kwa mtu, prosesa (ubongo wa kompyuta) ya Intel Core i3-8100 kwa mtu mwingine, RAM (kumbukumbu ya kazi) na pawa saplai kachukua mpya dukani. Ukibonyeza kitufe feni zinazunguka, taa ya mbele inawaka, lakini kioo kinabaki cheusi.

"Fundi, soketi ni LGA1151 na prosesa ni ya LGA1151," akaniambia. "Imeingia yenyewe, sikuilazimisha hata kidogo."

"Jina la bodi umelisoma, mdogo wangu?"

Hakuwa amelisoma. Nikamulika kwa tochi ya simu pembeni mwa sloti ya kadi ya picha, maandishi meupe yakaonekana: H110. Sikuhitaji kupima kitu kingine. Bodi za H110 zilitengenezwa kwa prosesa za Intel za kizazi cha 6, baadaye zikapokea na cha 7. Kizazi cha 8 kilipoanza kutoka kwa kompyuta za mezani mwaka 2017, Intel walibaki na soketi ya pini 1151, lakini wakabadilisha kazi ya baadhi ya pini hizo, hasa za umeme, wakataka kizazi hicho kiende na bodi za mfululizo wa 300: H310, B360, B365, H370, Z370 na Z390. Prosesa yake, i3-8100, ni ya kizazi cha 8. Ilikuwa nzima, na bodi yake ilikuwa nzima. Hazikuwa za kuoana tu.

Iliniuma, kwa sababu hasara ile ingezuilika kwa dakika kumi za kusoma kabla ya kulipa. Kifaa kuingia kwenye tundu lake hakuthibitishi kwamba kitafanya kazi. Kinachothibitisha ni jina kamili la bodi pamoja na orodha ya vifaa inayotolewa na mtengenezaji wake. Hatua zote zinazofuata zinalizunguka jambo hilo moja.

Hatua ya 1: Anza na kazi, kisha prosesa, ndipo uje kwenye bodi

Watu wengi huanza na bodi kwa sababu wameiona inauzwa kwa bei nzuri. Wakishainunua, kila kitu kingine kinalazimika kuifuata. Geuza mpango huo. Jiulize kwanza kompyuta itafanya nini kutwa, uchague prosesa inayoiweza kazi hiyo, halafu utafute bodi ya kuibeba.

Tumchukue kijana wetu. Kamera nyingi za sasa zinazotumika kwenye harusi zinaweza kurekodi video ya H.265 (namna mojawapo ya kubana video) yenye rangi za 4:2:2 za biti 10. Video ya namna hiyo ni nzito kufunguliwa, na kadi nyingi za picha za NVIDIA za kabla ya mfululizo wa RTX 50 hazina sehemu maalumu ya kuifungua. Prosesa za Intel zenye grafiki za ndani, kuanzia kizazi cha 11, zinayo. Kwa hiyo kwake Core i5-12400 ilikuwa na maana kuliko Core i5-12400F, ingawa F kwa kawaida huuzwa nafuu kidogo. Herufi F mwishoni mwa jina la prosesa ya Intel inamaanisha haina grafiki za ndani: tundu la HDMI la bodi yako halitatoa picha, itabidi ununue kadi ya picha hata kama kazi yako ni kuandika barua.

AMD wana utaratibu wao. Ryzen za mfululizo wa 5000 kama 5600 hazina grafiki za ndani, ila zile zenye G kama 5600G zinazo. Kwenye mfululizo wa 7000 mambo yaligeuka: karibu zote zina grafiki ndogo za ndani, isipokuwa zenye F kama 7500F. Andika jina la prosesa kwenye karatasi, herufi ya mwisho ikiwemo. Herufi hiyo moja inaweza kukugharimu bei ya kadi nzima.

Hatua ya 2: Soketi, na kilicho nyuma ya soketi

Soketi ndiyo tundu la prosesa. Ukiingia sokoni leo utakutana zaidi na hizi, mpya na za mtumba.

AM4 ya AMD imeishi muda mrefu kuliko nyingi. Ilibeba Ryzen kuanzia mfululizo wa 1000 wa mwaka 2017 hadi 5000, zote kwa RAM ya DDR4, aina iliyotangulia DDR5. Pini ziko kwenye prosesa yenyewe. AM5 iliingia mwaka 2022 pamoja na Ryzen 7000, pini zikahamia kwenye bodi, na inapokea DDR5 peke yake.

Upande wa Intel, LGA1151 nimeshaieleza. LGA1200 ilibeba kizazi cha 10 na cha 11. LGA1700 inabeba cha 12, 13 na 14. LGA1851 ilianza mwishoni mwa 2024 kwa ajili ya Core Ultra za mfululizo wa 200, nayo ni ya DDR5 tu.

Ukiishia hapo utaanguka palepale alipoanguka yule kijana. Nyuma ya soketi kuna chipseti, ile saketi ya bodi inayoamua prosesa zipi zinakubalika na milango mingapi unapata. Mifano ninayokutana nayo mara kwa mara ni hii:

Bodi ya H410 au B460 ni LGA1200, lakini kwa kawaida haipokei kizazi cha 11. Mtu akikuuzia Core i5-11400 na B460 kama seti, simama.

Bodi ya mfululizo wa 500 kama B560 inapokea kizazi cha 10 na cha 11. Ukiiwekea cha 10, sloti ya M.2 (ya diski ndogo bapa) iliyounganishwa moja kwa moja na prosesa haifanyi kazi. Watu hudhani diski yao ya NVMe imekufa, kumbe wangeihamishia sloti ya chini ingeonekana.

Ryzen 3 3200G na Ryzen 5 3400G zina namba za 3000, lakini ndani ni za usanifu wa mfululizo wa 2000. AMD hawakuziweka kwenye mpango wa B550. Namba ya kwanza inadanganya hapo, ndiyo maana sichoki kurudia habari ya orodha ya mtengenezaji.

B450 ilitoka 2018, Ryzen 5000 zikatoka mwishoni mwa 2020. Zinapatana, lakini bodi ikiwa na BIOS ya zamani (programu iliyomo ndani ya bodi inayoiwasha kompyuta) haitaitambua prosesa. Vivyo hivyo bodi za B660 na H610 zilizotoka kiwandani kabla ya kizazi cha 13 zinahitaji BIOS mpya ili kupokea cha 13 na 14.

Kuhusu daraja la chipseti nina msimamo wangu. Kwa Intel, Z ndiyo inayokuruhusu kuiendesha prosesa yenye K juu ya kasi ya kiwandani. B inatosha watu wengi. H yenye namba 10, kama H610, ni ya matumizi mepesi. Kwa AMD, B na X zote zinaruhusu kuongeza kasi, A haziruhusu. Mtu asiyekusudia kugusa kasi ya prosesa anayenunua Z anatoa fedha ambayo ingemwongezea RAM. Chukua B. Tofauti iliyobaki nunua diski kubwa zaidi au UPS, ile betri ya kukushikilia umeme ukikatika.

Hatua ya 3: Soma jina lote la bodi

Hii ndiyo hatua ninayotamani kila mtu aifanye hata akiacha nyingine. Jina la bodi limeandikwa kwenye bodi yenyewe, mara nyingi katikati au karibu na sloti za kadi. Lisome mpaka mwisho.

Chukua Gigabyte B760M DS3H DDR4. B760 ni chipseti. M inaonyesha ukubwa, microATX. DS3H ni jina la toleo. DDR4 mwishoni ni aina ya RAM. Ipo nyingine inayoitwa B760M DS3H bila maneno ya mwisho, nayo ni ya DDR5. Muuzaji akikutumia ujumbe kwamba anayo "B760M DS3H" bado hajakuambia kitu cha kutosha. ASUS hufupisha: PRIME B760M-A D4 ni ya DDR4, PRIME B760M-A bila D4 ni ya DDR5. Mwombe akupigie picha ya maandishi yaliyo kwenye bodi, si ya boksi, maana maboksi hubadilishana.

Kwenye bodi za Gigabyte angalia pia pembeni kabisa utaona REV 1.0, 1.1 au namba nyingine. Ni toleo la bodi, na kwenye tovuti kila toleo lina ukurasa wake na BIOS yake. Usichanganye.

Sasa ingia kwenye tovuti ya mtengenezaji, tafuta jina hilo kamili, fungua sehemu ya msaada, kisha orodha ya prosesa. Utaona jedwali: jina la prosesa upande mmoja na toleo la BIOS linalohitajika upande wa pili. Tafuta prosesa yako. Ikiwepo, nakili toleo la BIOS. Isipokuwepo, usinunue, hata muuzaji akisema ameona kwa mtu ikifanya kazi. Tovuti kama PCPartPicker inasaidia kupanga vifaa na kukuonya mapema, lakini haijui BIOS iliyomo ndani ya bodi iliyo mkononi mwa muuzaji.

Ukikuta BIOS inayotakiwa ni mpya kuliko iliyomo, una njia tatu. Ya kwanza, muuzaji aisasishe kwa prosesa ya zamani aliyonayo kabla hujaondoka. Ya pili, uazime kwa rafiki prosesa ya zamani inayokubalika. Ya tatu ndiyo nzuri zaidi: chagua bodi yenye kitufe cha kusasisha BIOS kwa flashi bila prosesa wala RAM. ASUS wanaiita BIOS FlashBack, MSI wana Flash BIOS Button, Gigabyte wana Q-Flash Plus. Faili hupewa jina lililoelezwa kwenye kitabu cha bodi, flashi inafomatiwa kwa mfumo wa FAT32 na kuchomekwa kwenye mlango wa USB uliowekewa alama, unabonyeza na kusubiri taa iache kumetameta. Umeme ukikatika katikati, BIOS inaweza kuharibika, kwa hiyo fanya ukiwa na UPS.

Neno kwa wanaochukua Core i5, i7 au i9 kubwa za kizazi cha 13 na 14: baadhi zilipata tatizo la kuyumba kutokana na umeme mwingi kupita kiasi, na Intel walitoa marekebisho yanayopitia BIOS. Hakikisha bodi yako ina BIOS yenye mikrokodi (maelekezo ya ndani ya prosesa) 0x12B ya Septemba 2024 au ya baadaye, na ufanye hivyo kabla hujaanza kuifanyisha kazi nzito. Chipu ikishaharibika, BIOS mpya haiiponyi.

Hatua ya 4: RAM

Shika kijiti cha DDR4 na cha DDR5 pamoja. Vyote vina pini 288, urefu ni uleule. Sasa vipange vikigusana uangalie lile pengo dogo lililo kati ya pini: utaona halilingani, la DDR5 liko karibu zaidi na katikati. Pengo hilo limewekwa makusudi kukuzuia. Kijiti kikikataa kuingia, kigeuze uone kama umekigeuza upande. Kikikataa tena, acha. Nimeona sloti iliyopasuliwa na mtu aliyesukuma kwa dole gumba akidhani ni ugumu wa kitu kipya.

Mtumba wa RAM una mtego wake. Kuna RAM za seva zinazouzwa rahisi sana, DDR4 kabisa, zinaingia kwenye sloti bila shida, na kompyuta haiwaki. Soma lebo. Utaona maandishi kama PC4-2400T-UA1 au PC4-2400T-RA1. Herufi U baada ya kistari ni RAM ya kawaida ya kompyuta ya mezani. R ni ya seva, bodi za kawaida hazitaitambua. S ni ile fupi ya laptopi.

Nunua vijiti viwili badala ya kimoja, ili RAM ifanye kazi kwa njia mbili. Ukitumia grafiki za ndani tofauti utaiona kwa macho. Bodi ikiwa na sloti nne, viweke kwenye ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa, isipokuwa kitabu chake kiseme vingine. Kwa DDR5 usipange kujaza zote nne: kwa Ryzen 7000, AMD wanaahidi kasi ya 5200 ukiwa na vijiti viwili, na vinne vinashuka hadi 3600. Ukitaka GB 64, chukua 32 mara mbili tangu mwanzo.

RAM ya DDR5 iliyoandikwa 6000 haitakimbia 6000 yenyewe. Inaanza kwa kasi ya chini mpaka uingie kwenye BIOS uwashe EXPO kwa AMD au XMP kwa Intel.

Kijana wa harusi tayari alikuwa na DDR4 ya GB 32, vijiti viwili vya 16. Hilo ndilo lililoamua bodi yake kuwa B760M ya DDR4. Kumtupia RAM nzima ili aingie DDR5 kungekuwa kumwumiza bila faida atakayoiona kwenye kazi yake.

Hatua ya 5: Ukubwa na kasha

Hapa ni haraka. ATX ni milimita 305 kwa 244, microATX 244 kwa 244, Mini-ITX 170 kwa 170. Kasha la ATX linapokea ndogo zote. Kasha dogo halipokei kubwa. Kabla ya kufunga bodi, hesabu vile vinguzo vya shaba ndani ya kasha. Kinachosimama mahali ambapo bodi haina tundu la skrubu king'oe, kwa sababu kitagusa mgongo wa bodi na kuleta shoti.

Angalia pia kama kasha lina mlango wa USB-C mbele, kisha uone kama bodi ina plagi yake. Nyingi za bei ya chini hazina, na mlango utabaki pambo.

Hatua ya 6: Umeme

Plagi kuu ni ya pini 24. Ya prosesa ni ya pini 8, hugawanyika 4 na 4, na imeandikwa CPU. Kadi ya picha nayo ina plagi ya pini 8, hugawanyika 6 na 2, imeandikwa PCI-E. Zinafanana machoni lakini nyaya zake zimepangwa kinyume. Soma maandishi kwenye plagi, usitegemee umbo.

Kisha kuna uwezo wa bodi yenyewe kuilisha prosesa. Core i5-12400 inaweza kuvuta hadi wati 117 ikikazana. Core i9-14900K inafika 253. Zote zinaingia kwenye H610, na orodha inaweza kuzikubali zote mbili, lakini bodi ya bei ya chini isiyo na vyuma vya kupoza saketi za umeme itaipunguza kasi i9 ili isiungue. Kwa sisi tunaofanya kazi kwenye vyumba vya nyuzi 30 na zaidi bila kiyoyozi, hili lina uzito. Tazama bodi karibu na soketi: ukiona vipande vya chuma vimefunika saketi upande wa kushoto na juu, ina nafuu. Zikiwa wazi, ifunge na prosesa ya wati 65.

Hatua ya 7: Diski, kadi na feni

M.2 ni umbo la sloti, haijasema ni lugha gani inazungumzwa ndani. Kuna diski za M.2 za SATA, lugha ya zamani na ya polepole, na za NVMe, lugha ya kasi zaidi. Sloti moja inaweza kupokea zote mbili, nyingine NVMe tu. Kitabu cha bodi kinasema, mara nyingi kwa maandishi madogo chini ya jedwali, na hapohapo kitakuambia kama kutumia sloti fulani ya M.2 kunazima milango fulani ya SATA. Urefu wa kawaida ni 2280, maana yake upana milimita 22 na urefu 80. Ukinunua bodi ya mtumba, dai na ile skrubu ndogo ya kushikia diski pamoja na kinguzo chake. Ni vitu vidogo kuliko punje ya mchele, hupotea, na bila hivyo diski inasimama juu kama ulimi.

Kwa kadi ya picha, tofauti ya PCIe 3.0 na 4.0 (matoleo ya njia zinazounganisha kadi na prosesa) kwa watu wengi ni ndogo, isipokuwa kwa kadi zinazotumia njia chache. Radeon RX 6500 XT hutumia njia nne tu. Ukiiweka kwenye bodi ya B450, au pamoja na Ryzen 5 5500 au 5600G ambazo ni za PCIe 3.0, unapoteza sehemu ya nguvu uliyolipia.

Feni ya prosesa ina matundu yake. LGA1151 na LGA1200 zina nafasi ya milimita 75 kati ya tundu na tundu, LGA1700 na LGA1851 zina 78. Feni ya zamani haikai bila mabano mapya. Feni nyingi za AM4 hukaa kwenye AM5, mradi zinatumia bamba la nyuma lililokuja na bodi.

Kuhusu kompyuta za ofisi za mtumba

Hizi naziona kila wiki: Dell OptiPlex, HP EliteDesk, Lenovo ThinkCentre, zinazoingia kutoka Ulaya na kwingineko. Ni mashine ngumu na nyingi zina thamani kubwa kuliko bei yake, na ukitaka kuzitumia kama zilivyo nakushauri ununue. Shida huanza mtu anapotaka kung'oa bodi yake aitie kwenye kasha lingine, au kuiwekea pawa saplai kubwa. Nyingi hazina plagi ya pini 24. Zina plagi zake zenyewe zenye pini chache. Matundu ya skrubu hayalingani na vinguzo vya kawaida, na kitufe cha kuwashia kina plagi ya namna yake. Zichukulie kama kifaa kizima.

Na uangalie kizazi. Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inataka TPM 2.0 (sehemu ya usalama ndani ya kompyuta), na kwa Intel orodha yao kimsingi inaanzia kizazi cha 8. OptiPlex ya kizazi cha 6 au 7 bado ni nzuri kwa Linux.

Hatua ya 8: Kukagua bodi kabla ya kulipa

Nenda mchana, au beba tochi. Ondoa kifuniko cha plastiki cha soketi, usiguse chochote ndani, kisha mulika kwa pembeni, si kwa juu. Pini za soketi ya LGA zikiwa nzima zinang'aa kwa mistari iliyonyooka, kama shamba la mpunga lililopandwa kwa kamba. Pini iliyopinda inavunja mstari: itang'aa peke yake au itaacha kidoa cheusi. Piga picha, uivute, zungusha bodi nyuzi 90, upige tena. Pini moja iliyopinda inaweza kuua sloti nzima ya RAM wakati kompyuta inawaka kama kawaida. Kwa AM4, kagua pini za prosesa kwa namna hiyohiyo.

Geuza bodi utazame mgongo. Tafuta dalili za kutengenezwa kwa bunduki ya solda, mikwaruzo inayokata mistari ya shaba, na madoa ya kijani au meupe. Kwa sisi wa pwani, Dar es Salaam, Tanga, Mombasa, Unguja, hewa ya chumvi inakula shaba polepole, na bodi iliyokaa karibu na dirisha huonyesha kwanza kwenye milango ya nyuma na miguu ya sloti. Inuse. Harufu ya kuungua haitoki haraka.

Uliza kile kipande cha bati cha nyuma kinachoziba milango. Bila hicho vumbi na mende wataingia. Hesabu milango ya USB unayoihitaji. Kama hutumii waya wa mtandao, hakikisha bodi ina Wi-Fi, au panga kununua kadi yake.

Mwisho, omba iwashwe mbele yako na prosesa unayoinunua, ingia kwenye BIOS, soma jina la bodi, toleo la BIOS na kiasi cha RAM katika sloti moja moja. Muuzaji mzuri hatakasirika. Risiti iandikwe jina kamili la bodi, pamoja na DDR4 au D4 yake, na siku za waranti.

Hatua ya 9: Kuwasha mara ya kwanza

Usifunge kwenye kasha kwanza. Weka bodi juu ya boksi lake la karatasi, mezani. Shika chuma cha pawa saplai kutoa umeme wa mwilini. Tia prosesa ukilinganisha pembetatu ndogo ya kwenye kona na ile ya soketi. Ishushe kwa uzito wake, usiisukume. Pesti ya joto (ya kupaka kati ya prosesa na feni) kiasi cha punje ya njegere, feni, plagi ya feni kwenye CPU_FAN, kijiti kimoja cha RAM, plagi ya 24 na ya CPU. Kisha gusanisha pini mbili za PWR_SW, zile za kitufe cha kuwashia, kwa ncha ya bisibisi kwa sekunde moja.

Ikiwa ni AM5, kioo kinaweza kubaki cheusi dakika kadhaa wakati bodi inajifunza RAM yako. Usizime. Watu wamerudisha dukani bodi nzima kabisa kwa kukosa subira ya dakika tano. Bodi nyingi zina taa nne ndogo zilizoandikwa CPU, DRAM, VGA na BOOT; taa inayobaki imewaka inakuonyesha pa kuanza kutafuta. Ikikwama kwenye DRAM, hamishia kijiti sloti nyingine. Ikikwama kwenye CPU, rudi kwenye orodha ya prosesa na toleo la BIOS uliloandika.

Picha ikitoka, ongeza kijiti cha pili, hakikisha BIOS inasoma vyote, washa XMP au EXPO, kisha zima na ufunge kwenye kasha.

Yule kijana alirudi baada ya wiki tatu na i5-12400, bodi ya B760M ya DDR4, na karatasi aliyonakili toleo la BIOS kwa kalamu nyekundu. Prosesa yake ya zamani aliiuza kwa mtu mwenye H310, na kabla ya kupokea fedha alimwomba ampigie picha ya maandishi yaliyo kwenye bodi.